Panya Wako Ana Mke?

Pale kazini waliniita Bwana Harusi wa Panya, nami nilicheka nao. Kazi yangu ilikuwa kupima dawa za mitishamba za nguvu za kiume kwa panya madume wenye kisukari, ugonjwa unaowapokonya hamu na uwezo. Wenzangu hawakujua kwamba kisukari ninacho na mimi, na kwamba nyumbani nilikuwa nimezoea kulala nikiutazama ukuta.

Nilikuwa nimejiapiza: sinywi mzizi wowote ambao panya wangu hawajaunywa kwanza. Mimi ni mbishi, na hofu huniongezea ubishi.

Mzizi uliosifiwa kuliko yote alikuwa nao mganga mmoja mlimani, juu ya mji wa Mlalo. Nilipanda peke yangu, nikamwamkia, nikamweleza kwamba mzizi ninaoutaka ni wa utafiti. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mgosi," alisema, kama wanavyomwita mwanaume kule, "dawa hii simpi mwanaume aliyekuja peke yake. Mke aje, aulizwe, aseme kwa kinywa chake."

"Babu, ni ya panya."

"Panya wako ana mke?"

Nikasema hana.

"Basi wewe unaye. Kamlete."

Niliteremka nimenuna njia nzima. Lakini bila mzizi hakuna kazi, kwa hiyo wiki iliyofuata nilipanda tena na mke wangu, nikimsihi ajibu kwa kifupi tu. Mganga alimkaribisha kwenye kigoda, akamuuliza anataka nini nyumbani kwake. Mke wangu aliitazama mikono yake.

"Nataka asinigeuzie mgongo," alisema. "Hayo mengine yatajulikana."

Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Mzizi tukapewa.

Niliukausha, nikausaga, nikawanywesha nusu ya panya. Nusu nyingine wakapata maji matupu. Kisha nikawaingizia majike, nikakaa kuangalia nani atapanda na nani atajikunyata pembeni. Hakuna tofauti. Nikaongeza kipimo, nikarudia na panya wengine, nikamwomba mwenzangu aangalie yeye bila kujua nani kanywa nini, maana sikuyaamini macho yangu yenye tamaa. Hakuna tofauti. Nilitaka kulia, mtu mzima na koti langu jeupe.

Nilimkuta mke wangu jikoni akimenya maharage mabichi. Nikamwambia kwamba mzizi ule haufanyi kitu, lakini nitapima mwingine, na mwingine, sikati tamaa.

"Pima," alisema. "Ila mimi sikupanda mlima ule kwa ajili ya mzizi. Nilipanda kwa sababu uliniambia kule mke huulizwa."

Akaendelea kumenya. Panya wangu nilikuwa nimewachunguza hadi namna wanavyonusana. Yeye sikuwahi kumuuliza hata neno moja. Nikavuta kigoda, nikajichotea maharage ya kumenya, nikamuuliza.