Pakiti Mbili za Mama

Mdogo wangu Nduta ni fundi wa maabara katika chuo kimoja hapa Nyeri. Kazi yake sikuielewa, na kitu nisichokielewa mimi hukicheka. Ndivyo nilivyo. Nauza nyanya soko la Gatitu, na mdomo ndio unaniuzia.

Jumapili moja, msimu wa kahawa, mama alikuwa ameshinda akichuma wiki nzima mpaka mgongo umemkataa. Nduta alikuja kula kwetu akatueleza kazi yake. Ati anatia dawa kwenye kichupa cha maji, anapitisha stima kidogo kwa waya, na ile dawa inageuka vile ini la mtu linavyoigeuza.

"Kumbe siku hizi stima iko na ini?" nikamwuliza. Mama alicheka, akaushika mgongo wake.

"Wachuka, ngoja nimalize. Hii dawa ya maumivu mama anameza, ini inageuza kidogo yake inakuwa sumu. Ikiwa kidogo, mwili inaimaliza yenyewe. Lakini ikizidi..."

"Ikizidi tutaita fundi wa stima! Kula bwana, chakula inapoa."

Akala. Nduta tangu utotoni ukimkatiza hunyamaza, na harudii.

Wiki hiyo mama akalalamika kwamba vidonge vyake vya pakiti nyekundu havimsaidii tena. Wachumaji wenzake wakamwambia kuna vingine vya pakiti ya bluu, vikali. Nilienda dukani mimi mwenyewe. Nikamwambia ameze vya pakiti zote mbili, asubuhi, mchana na jioni, kwani si ni dawa tofauti? Jina tofauti, rangi tofauti. Alimeza, maana hakutaka msimu umpite.

Siku ya tano alianza kutapika. Macho yakawa manjano. Daktari alituambia ini limeharibika, na tumechelewa kumleta. Tulimzika Alhamisi, mvua ikinyesha. Jamani, mama yangu!

Baada ya mazishi Nduta alizipata zile pakiti chini ya mto wa mama. Akazitia mfukoni. Siku ya pili alinipeleka kazini kwake, akasaga kidonge cha pakiti nyekundu, akakitia kwenye kichupa, akawasha mashine. Kwenye kompyuta mstari ukapanda kama mlima, ukashuka. Akafanya vivyo hivyo na kile cha bluu. Mlima ukatokea palepale.

"Ni dawa moja," akasema. "Jina tu ndiyo tofauti. Nani alimletea hii ya bluu?"

Nikamwambia, "Ni mimi."

Nilingoja anitukane. Ningependa anitukane. Yeye alikaa kwenye kiti, akafunika uso.

"Nilikuwa nimebakisha maneno machache tu ile Jumapili," akasema. "Mbona sikumaliza?"

"Maliza sasa," nikamwambia.

Basi akasema yote, pole pole, huku akilia: vidonge vingapi kwa siku, kwa nini usichanganye pakiti, dalili gani zikianza ukimbie hospitali. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Sikumkatiza.