Pacha wa Matroni

Watu wa Namakwekwe, hapa Mbale, wana moyo mpana. Watakusamehe ukirudi umelewa ukiimba mpaka mbwa wa mtaa wanyamaze. Watakusamehe redio ya sauti kubwa, na kuku wako wanaochafua mlango wa mwenzako. Lakini Afande Gorreti hakusamehewa buibui mmoja, tena buibui asiyepiga kelele, asiyemwomba mtu chumvi, ambaye tangu aingie katika ule ua hajavuka kizingiti hata siku moja.

Gorreti ni askari magereza. Kwao ni upande wa Tororo, alifanya kazi Jinja miaka mingi, kisha akahamishiwa Mbale. Nyumba za kambini zilikuwa zimejaa, kwa hiyo akapanga chumba kwa Mama Twaibah. Ni mwanamke mrefu, maneno machache. Akivua sare haendi baa, wala haendi saluni kukaa na wasengenyaji. Anavuta kigoda mbele ya sanduku la kioo, lile ambalo watu huuzia mandazi, anatazama. Ndani hamna mandazi. Mna udongo alioukaanga kwenye sufuria kuua mayai ya wadudu, gae la chungu lililofukiwa nusu, kifuniko cha soda chenye maji, na Matroni.

Matroni ni tarantula, buibui wa manyoya, mpana kama kiganja cha mwanamume, rangi ya kutu. Gorreti alimwita hivyo kwa sababu anafanana na matroni wa bweni: mchana kutwa amejifungia chini ya gae lake, jua likizama anatoka, anasimama mlangoni kimya, na atakayepita vibaya atajuta.

Hasira ya Gorreti haikuanzia Mbale. Ilianzia Wanyange, kando ya ziwa karibu na Jinja, kwa mtu anayeitwa Mugweri. Huyu Mugweri huchimba buibui mashimoni mwao na kuwauzia watu wachache wanaopenda kufuga viumbe wa namna hiyo. Gorreti alipomwendea mara ya kwanza hakujua mengi, ila alijua anataka jike. Jike hukaa. Ukimtunza vizuri anaweza kuzeeka pamoja nawe. Dume akishapevuka hana maisha: anazungukazunguka kutafuta mke, hali, anakonda, basi.

"Jike hilo, afande," Mugweri alisema huku akilamba kidole na kukielekeza juu kama anayeapa. "Tazama nyonga zake."

Tangu lini buibui akawa na nyonga? Lakini Gorreti aliamini, akabeba. Kumbe lilikuwa dume, tena lililopevuka zamani, lenye vikulabu kwenye miguu ya mbele ambavyo mtu anayejua angeviona akiwa bado mlangoni. Mvua za msimu hazijaisha, likafa, miguu imekunjamana chini ya tumbo kama ngumi. Gorreti alirudi Wanyange moja kwa moja kutoka kazini, na sare yake.

"Uliniambia jike."

"Sasa afande, kifo ni mimi nilikileta duniani?"

"Mugweri, uliniambia jike!"

"Lilikuwa na tabia ya kike. Lilikuwa pole sana."

Na Matroni alinunuliwa kwa mtu huyohuyo! Hilo ndilo lililomuuma Gorreti kuliko yote. Hakukuwa na muuzaji mwingine. Unamwona tapeli, unamjua ni tapeli, unampa mkono, unamwambia asante. Safari hii alikagua miguu mwenyewe, hakuna vikulabu. Lakini hiyo nayo haitoshi, maana dume changa huwa halina vikulabu bado.

Njia ya hakika ni moja tu, gamba. Buibui akikua ngozi humbana, basi anaivua yote kwa pamoja, miguu, meno, hadi utando wa macho. Pale gambani kuna pande la tumbo, limesinyaa kama kitambaa kilichofuliwa kikasahauliwa. Ukililowesha, ukalikunjua taratibu na kulimulika kwa ndani, utaona kama kuna kifuko kidogo. Kikiwepo, ni jike. Kisipokuwepo, anza kujiandaa kulia. Gorreti alikuwa akilisubiri gamba hilo tangu Jinja. Alihama nalo moyoni kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani.

Majirani, wao walisubiri sababu.

Jirani wa karibu ni mwanamke wa Budondo, mama wa mapacha, na kama ilivyo desturi ya Wasoga, tangu awazae hakuna anayemwita jina lake. Ni Nabirye tu, mama wa mapacha. Ndiye aliyemuuzia Gorreti lile sanduku la kioo alipoacha biashara ya mandazi, na hajaacha kulilia.

"Banange, sanduku langu! Lilikuwa linakaa chakula cha watu."

"Si ulipokea hela zako?"

"Nilipokea. Lakini hukuniambia mpangaji atakuwa nani."

Msimu wa senene ulipofika, Gorreti akamshika senene mmoja hai kwa kibanio akampa Matroni, Nabirye akaliona hilo kupitia mlango wazi, na ua mzima ukapata habari. Senene! Kitoweo ambacho watoto wanakikimbilia chini ya taa mpaka wanagongana vichwa, leo analishwa mdudu! Siku tatu Gorreti hakusalimiwa na mtu pale.

Kisha Matroni akaacha kula. Gorreti hakushtuka. Wafungwa wakigoma kula kuna shida, lakini buibui akigoma kula kuna gamba linakuja. Akaondoa wadudu wote sandukuni wasije wakamng'ata, akajaza maji kwenye kifuniko, akafunga dirisha nusu. Akawa anakwenda kazini roho iko nyumbani.

Sasa, pale kwa Mama Twaibah maji ya bomba hayatoki kila siku. Yakitoka, mwenye nyumba anawajazia madumu wapangaji walio kazini, ndiyo maana anakaa na funguo zao. Ni wema, hakuna anayekataa. Siku hiyo maji yalitoka. Mama Twaibah akaingia chumbani kwa Gorreti na dumu, akaliweka chini, akainua macho kwenye kioo. Mahali palipokuwa na mmoja, palikuwa na wawili. Wakubwa sawa. Manyoya sawa. Mmoja anang'aa, mwingine amefifia, wamekaa bega kwa bega.

Ukelele wake, inasemekana, ulisikika hadi kwenye steji ya bodaboda.

Gorreti alirudi adhuhuri akakuta ua umejaa. Mama Twaibah ameshika birika la maji yanayotokota, mvuke unatoka mdomoni. Nabirye amesimama mlangoni pa chumba, mikono ameitandaza huku na huku, haruhusu mtu kupita. Na kwenye kiti cha plastiki, katikati, Mwenyekiti Wanyama wa mtaa, aliyeitwa kuamua.

"Afande umekuja," alisema Wanyama. "Vizuri. Kuna jambo."

"Nani amefungua chumba changu?"

"Mimi, na nyumba ni yangu!" alisema Mama Twaibah. "Nabirye, ondoka hapo niwamwagie."

"Humwagi! Pacha hawauliwi. Ukiwaunguza, na sisi ngozi zitaungua, wote, hata mtoto wa mgongoni. Kwetu pacha wanafanyiwa mila zao, ndipo nyumba inatulia."

"Pacha gani?" Gorreti alifoka. Wengi hawakuwa wamewahi kusikia sauti yake ikipanda. "Hakuna pacha! Yule mmoja amevua ngozi. Yule mwingine ni ngozi tupu. Nikivua sare hii nikaitundika ukutani, mtasema maafande tuko wawili?"

"Sare haina macho, afande," alisema Wanyama kwa upole.

"Na hilo halina! Ni matundu!"

Akampita Nabirye kwa bega, akaingia, akafungua sanduku. Matroni alikuwa mbichi, laini kama mkate uliotiwa kwenye chai, meno yake bado meupe. Mvuke wa lile birika tu ungemmaliza. Sanduku likisukumwa, akianguka, basi. Gorreti alilitoa gamba kwa vidole viwili, akatoka nalo juani, akalinyanyua watu waone linavyopitisha mwanga. Kisha, ili kumaliza ubishi, akalipuliza.

Miguu minane ikacheza.

"Limepumua!" mtu akapiga kelele, na ua ukamwagika. Wanyama alisimama na kiti kimemganda nyuma. Wengine walikuwa tayari barabarani, na waliokuwa barabarani walirudi kuuliza kuna nini wakakimbizwa na waliokuwa wanatoka.

"Nimepuliza mimi!" Gorreti alipiga kelele. "Mimi! Nyie watu mna masikio ya nini?"

Lakini nani alimsikia? Watu hawa hawakutaka kuambiwa. Walikuwa wameona kwa macho yao, na kitu walichoona kilikuwa kizuri kuliko ukweli wake. Walipotulia, Wanyama akakalia kiti tena, akajipangusa jasho.

"Mama Twaibah, wewe unasemaje?"

"Mimi nilikubali mmoja. Alipoingia alisema ni mmoja, nikasema sawa, bora mlango ufungwe. Wawili sikukubali. Ama mmoja anatoka, ama wote na afande wao."

"Nabirye?"

"Mmoja atoke, ni sawa. Lakini atoke kwa heshima. Tumfunge kwenye jani, tumweke kwenye shina la mgomba nyuma pale, tumwimbie. Birika lirudi jikoni."

Wote wakamgeukia Gorreti. Alikuwa ameshika gamba kiganjani, lile alilolisubiri tangu Jinja. Akiligombania, birika lile bado lilikuwa la moto, na mlango wake haukuwa na mtu. Akilitoa, hatajua kama anaishi na Matroni wa miaka au dume la misimu miwili, mpaka Matroni ajivue tena, na huenda hatajivua tena kabla ya mwaka. Alitamani awafungie wote ndani, mmoja mmoja, na kufuli la kazini.

"Chukueni," alisema, meno yamekaza. "Chukueni miguu, chukueni kichwa, mkaviimbie. Lakini hiki kitambaa cha tumbo hapa nyuma kinabaki kwangu."

"Cha nini?" aliuliza Mama Twaibah akilishika birika vizuri. "Ona, anataka kuotesha mwingine!"

Hapo ndipo Nabirye alipolisogelea gamba kwa mara ya kwanza. Alilitazama lile pande lililosinyaa, linaning'inia nyuma kama uzi uliokunjamana. Uso wake ukabadilika, ukawa wa mtu aliyekutana na kitu anachokijua.

"Si kitovu hicho?" alisema. "Mwacheni. Kitovu kinabaki kwa mama. Hata vya wangu ninavyo, nimefunga kwenye kitambaa. Nani anamnyang'anya mama kitovu?"

Mama Twaibah akashusha birika. Gorreti alikikata kile kitambaa kwa kucha, akakitia mfuko wa shati pamoja na filimbi yake ya kazi. Alitaka kusema asante, akaghairi. Kwa nini amshukuru mtu kwa kumpa kitu chake mwenyewe?

Ikabidi asimame kwenye shina la mgomba, yeye ndiye mama. Nabirye alikata mmea wa kutambaa akamzungushia kichwani juu ya bereti, akamwambia asitabasamu. Hilo halikuwa na shida. Wanawake waliimba, wakapiga miguu chini, wakarushiana maganda ya ndizi na matusi ya furaha ambayo siku nyingine yangeleta kesi kwa Wanyama. Wanyama mwenyewe alipiga picha na simu. Gamba la Matroni, bila tumbo, likafungwa kwenye jani, likawekwa pale shinani. Na Mama Twaibah akarudisha maji jikoni akapikia chai, akawagawia waliokuja.

Gorreti alifunga mlango kwa ndani. Mmea aliusahau kichwani. Alikilowesha kitambaa katika maji yenye tone la sabuni, akakikunjua juu ya mgongo wa kijiko kwa ncha ya sindano, polepole, akiogopa hata kuvuta pumzi. Akawasha tochi ya simu akainama.

Kifuko kilikuwepo. Kidogo, kimekunjika kama mdomo wa mtoto aliyelala.

Jike. Matroni alikuwa matroni kweli. Gorreti aliketi kwenye kigoda chake, akacheka mwenyewe, akapangusa macho kwa mkono wa shati. Furaha ya namna hiyo inataka mtu wa kuambiwa. Amwambie nani? Nje bado walikuwa wanaimbia ngozi. Mwisho akampigia yule mtu pekee ambaye angeelewa.

"Ni jike," alisema.

"Si nilikuambia, afande?" Mugweri alijibu kutoka Wanyange, sauti imejaa asali. "Mimi huwa sidanganyi."

Gorreti alikata simu kabla hajasema neno la kumfukuzisha kazi.

Mlango ukagongwa. "Nabirye! Nabirye, fungua!"

Leo Nabirye ni yeye! Yeye ni Afande Gorreti, ana cheo, ana namba ya kazi, hajazaa pacha wala mmoja. Huu ni uonevu. Mlango ukagongwa tena.

"Nabirye, mwenzangu, najua umo."

"Wangi," akaitika hatimaye, kama wanavyoitika huko wakiitwa, akafungua.

Mama wa mapacha wa Budondo alikuwa amesimama na bakuli lililofunikwa kwa sahani. Harufu ya vitunguu ikaingia kabla yake. Senene, wamekaangwa vizuri, chumvi kiasi.

"Wa yule aliyebaki," alinong'ona. "Bambi, maskini, leo amefiwa."

Buibui hali kitu kilichokaangwa. Buibui aliyetoka kujivua hali kitu chochote mpaka meno yake yakauke yawe meusi. Na ni mwanamke huyuhuyu aliyeutangazia ua mzima habari za senene mmoja! Gorreti alifungua mdomo amweleze yote hayo, akamtazama usoni, akaufunga. Akapokea bakuli kwa mikono miwili.

Jirani alipoondoka, Gorreti alivuta kigoda mbele ya kioo, akala senene wote, mmoja baada ya mwingine, akitafuna kwa hasira.