Kutoka Rexdale Hadi Crescent Town, Kutafuta Jibu la Mwanaidi

Niliondoka Rexdale, mtaani kwangu hapa Toronto, Jumamosi asubuhi kwa sababu ya ujumbe wa sauti wa dada yangu, ambao nilikuwa nimeusikiliza hadi nikajua ni wapi anasita na ni wapi anameza mate. Mwanaidi anaishi Tanga, katika nyumba iliyopakana na ukuta wa kiwanda kinachoyeyusha betri kuukuu za magari. Kwa muda mrefu sasa yeye na kina mama wenzake wamekuwa wakitandika mikeka mbele ya geti, wakidai kiwanda kiondoke. Sasa mwenye kiwanda ametoa neno lake: walio kando ya ukuta atawajengea nyumba kwingine, na wengine wakunje mikeka. Jumatatu kungekuwa na mkutano, na Mwanaidi ndiye wa kutoa jibu.

"Kaka," alisema, "wenzangu wenyewe wananiambia nichukue. Wanasema wewe ndiye wa ukutani, Zuhura anaumwa, tangulia. Nikitangulia, wao watabaki na nani? Nisipotangulia, huyu mtoto nitamtazama vipi? Huko uliko hakuna watu waliopitia haya?"

Zuhura ni binti yake. Hospitali walimpima damu wakaikuta ina madini ya risasi, yale yanayotoka ndani ya betri.

Nilikuwa namjua mtu mmoja. Mama Filomena ni Mgoa mzaliwa wa Tanga, karani mstaafu. Kabla ya kuhamia Toronto aliishi na mumewe ng'ambo ya mpaka, kwenye mji wa viwanda wa Marekani ambako mapipa ya sumu yalikuwa yamefukiwa chini ya mtaa wao. Miaka ya themanini ilipokuwa inaanza, yeye na majirani zake waliingia barabarani. Aliwahi kunigusia habari hizo kwenye sherehe moja kule North York, tukiwa kwenye foleni ya pilau. Nikampigia simu, akasema njoo.

Kwenye basi la Kipling nilikaa dirishani. Waliotoka zamu ya maghala walikuwa wamelala na majaketi yao ya kung'aa, vichwa vikigonga vioo. Nje theluji ilikuwa imegeuka tope. Nilijaribu kupanga maneno ya kumwambia Mwanaidi, na kila nililolipanga lilinitia woga. Mimi ni mtu wa kuhama. Nimeishi Mombasa, nikaishi Maskati, sasa niko hapa, na kote huko niliondoka kabla majirani hawajashika jina langu. Mtu kama mimi, asiyevuta ule moshi, atamwambiaje mama abaki karibu nao?

Kituo cha Kipling nilipanda treni ya chini ya ardhi kuelekea mashariki. Kuna mahali inapotoka gizani na kuvuka bonde juu ya daraja refu, na miti inaonekana chini mitupu kabisa. Siku nyingine hupapenda. Siku hiyo niliona tu jinsi ardhi inavyoweza kuonekana safi kutoka juu.

Nilishuka Victoria Park, nikapita daraja la waenda kwa miguu linaloingia moja kwa moja kwenye maghorofa ya Crescent Town. Mama Filomena alifungua mlango kabla sijabisha mara ya pili.

"Wee Saidi, umekonda kama fito! Huko Rexdale hawapiki?"

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Vua viatu, zulia jipya hilo. Na sambusa ni za kuku, usizitazame kama polisi. Ile yetu ya nguruwe iko kwenye friji, haitoki mpaka uondoke."

Nilicheka, lakini alipousikiliza ujumbe wa Mwanaidi, mzaha ulimtoka wote. Aliomba niurudie. Kisha akasukuma sahani pembeni.

"Mstari huo naujua," alisema. "Sisi waliuchora katikati ya barabara. Upande huu hatari, upande ule salama. Na unajua nani alisema walio karibu zaidi watangulie? Sisi wenyewe! Kwa ustaarabu tu, mwenye shida kubwa apite mbele. Basi wakahamishwa. Mkutano uliofuata, viti nusu vitupu. Kampuni ikasema, asanteni, hatari imekwisha."

"Na wewe, Mama, ulikuwa upande gani?"

"Salama," alisema. "Na mwanangu anakohoa mpaka anatapika, kwenye upande huo huo salama."

Aliyewazindua, alinieleza, ni jirani yake Loretta, Mmarekani mweusi aliyekulia majimbo ya kusini. Kwao wazazi waliandamana kudai haki zao, na walipokamatwa, watoto waligawanywa kwenye nyumba za watu wengine mpaka wazazi watoke.

"Loretta alitugombeza jikoni kwangu," Mama Filomena alisema. "Akasema, mnakwenda kuzungumza na wale watu huku mmebeba watoto mgongoni. Kila wakimtaja mtoto, nyinyi mnalegea. Watoeni watoto kwanza! Tukawatoa. Wengine mashambani, wengine kwa waumini wa makanisa. Wangu nilimpeleka kwa mama mmoja ambaye sikumjua hata jina la mumewe. Nililia njia nzima. Lakini niliporudi, hakuna aliyeweza kunitisha tena."

"Mkashinda?"

"Uchaguzi ulipokaribia, wanasiasa wakaja kunywa kahawa kwetu, wanafuta viti kabla ya kukaa. Zikatungwa sheria za kuwalazimisha wachafuzi wasafishe. Waliofuata wakazilegeza baadhi. Ndivyo ilivyo. Ila sisi wa upande ule tulihamishwa, wote."

"Kwa hiyo Mwanaidi akatae?"

"Sikusema hivyo! Mtoto akiumwa, mama hadaiwi ushujaa. Nauliza tu: Zuhura anaweza kutoka pale bila kumpigia magoti yule bwana?"

"Hatuna ndugu mwenye nafasi."

"Na ile nyumba ya Muheza? Unayotuonyesha kwenye simu kila sherehe?"

Nyumba ya marehemu mama yetu imefungwa tangu tulipomzika. Jirani anafagia uwanja tu. Ndani nimeagiza pasiguswe kitu, kitanda kibaki na chandarua chake, redio kwenye kimeza chake, ili siku nikichoka kuhama nirudi nipakute kama nilivyopaacha.

"Hakuna mtu ndani," nilisema.

"Inamngoja nani?"

Alinifungia sambusa kwenye karatasi, akanifunga shali ya mumewe shingoni.

Wakati wa kurudi sikuliona bonde. Nilichokuwa nikikiona ni Mwanaidi, ambaye muda wote huu, mtoto anaumwa, hakuwahi kuniomba nyumba ile hata kwa kuzunguka. Aliniheshimu kupita kiasi. Nilipofika Kipling nilikaa kwenye benchi, mabasi mawili yakapita, ndipo nikarekodi: "Chukua ufunguo kwa jirani. Zuhura aende Muheza, hospitali ipo. Na watoto wa wenzako pia, wote watakaoenea."

Jumapili alijibu. "Kaka, una hakika? Hawa watoto wataandika ukutani."

"Waandike."

Wakaenda, na Bi Tatu, mama mkwe wa mmoja wao, akaenda kuwalea.

Jumatatu sikuweza kufanya kazi sawasawa. Wakati wa mapumziko pale ghalani nilijificha nyuma ya marobota nikafungua simu. Mwanaidi alikuwa amemjibu yule bwana kwamba wahame wote au kiwanda kihame, mstari hawautaki. Bwana akamuuliza mbele ya watu, "Na mtoto wako mgonjwa?"

"Nikamwambia mtoto wangu hayupo hapa, tuzungumze habari ya kiwanda," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekimbia. "Alikuwa amesimama, Kaka. Akakaa."

Hakuna aliyeshinda. Watakutana tena, na mimi bado nalala kwa mang'amung'amu nikisubiri simu. Nilidhani zile harakati za Marekani zilisukumwa na umati na mabango. Sikujua kwamba kuna watu waliokubali tu kulaza watoto wasio wao, na kwamba bila hao wengine wasingeweza kusimama.

Jana Bi Tatu alipiga kuuliza kama wanaweza kulitoa kabati la mama, mikeka ienee. Nikasema walitoe.