Kikohozi cha Safu ya Tatu

Asubuhi ya siku aliyopangiwa kuchezesha mechi yake ya kwanza katika mashindano makubwa ya snuka, mchezo wa kutumbukiza mipira mezani kwa fimbo, Hilwa binti Zahor alikuwa na hofu mbili, na ile ya mechi ndiyo iliyokuwa ndogo. Kubwa ilikuwa ya baba yake. Mzee Zahor alikuwa akikohoa tangu Shaabani, kikohozi kikavu kinachomvamia ghafla na kumkunja. Hata hivyo alishavaa kanzu mpya, ameshajifukiza udi, ameketi sebuleni kwao, mtaa wa Rashidiya, akingoja kupelekwa ukumbini.

"Baba, si ungebaki ukaniangalia kwenye simu? Wanaonyesha."

"Nikufunze mie mchezo, halafu leo nikuangalie kwenye simu?"

"Mle ndani hata kupiga chafya hakutakiwi."

"Basi sitapiga chafya," alisema, akachukua bakora yake.

Na kweli alimfunza yeye. Zamani mzee huyu alikuwa na klabu ya snuka kule mtaa wa Satwa, meza nne juu ya maduka ya mafundi cherehani, na Hilwa akitoka skuli hupitia huko kufanya kazi zake za nyumbani. Baba yake hakumruhusu kucheza na wateja, ila alimwachia kuhesabu pointi na kurudisha mipira ya rangi mahali pake. Jengo lilipovunjwa klabu ikafa. Hilwa akaja kuajiriwa katika ofisi ya skuli moja, lakini jioni zake akazitia kwenye mafunzo ya urefa. Shangazi zake walipouliza mwanamke mwenye hijabu na glavu nyeupe anafanya nini katikati ya wanaume wenye fimbo, Mzee Zahor aliwajibu, "Anawaamrisha."

Daktari alishaagiza picha ya kifua. Kila wiki mzee alisema, "Inshallah wiki ijayo." Hilwa alijua anachokikwepa. Ami yake Saleh alikwenda hospitali kwa kikohozi kama hiki, na hakurudi nyumbani.

Ukumbini, Dancan, mlinzi wa Kikenya aliyekuwa mlangoni, alimpeleka mzee hadi safu ya tatu, kiti cha pembeni. Hilwa alimwambia kwa sauti ya chini, "Huyu ni babangu. Naomba umtupie jicho."

"Usijali, madam. Niko hapa."

Wachezaji walikuwa wawili: kijana wa Kichina asiyetikisika, na Muingereza wa makamo mwenye mvi masikioni. Muingereza huyu alikuwa ameporomoka sana katika orodha ya wachezaji wa kulipwa. Kila mtu pale alijua kwamba akishindwa leo, pointi zake hazitamtosha kubaki kwenye orodha ile, na maisha aliyoyazoea yatakuwa yamefika mwisho. Alimpa Hilwa mkono kabla ya kuanza.

Mchezo ulianza. Hilwa alitangaza pointi, akafuta mipira, akairudisha mezani, na kila mchezaji alipoinama kulenga, jicho la Hilwa lilikimbilia safu ya tatu. Mzee alikuwa ameziba mdomo kwa leso. Mishipa ya shingo ilimtoka. Mara mbili Hilwa aliyaona mabega yale yakitikisika bila sauti, na mara ya pili akatangaza hesabu isiyo sahihi. Mwenzake aliyekuwa akiandika pointi alimrekebisha. Watu wachache walinong'ona, na uso ukamwaka moto mpaka shingoni.

Wachezaji wakafungana, ikabaki raundi moja ya kuamua. Ukumbi ulinyamaza hata mlio wa mashine za baridi ukasikika. Muingereza alipata nafasi nzuri, akaweka mpira baada ya mpira, akafika kwenye ule ambao ungemfungulia njia. Akainama. Fimbo ikarudi nyuma.

Hapo kikohozi kikatoka. Kilitoka chote kwa pamoja, chote kilichokuwa kimezuiliwa tangu mchana, na mkono wa Muingereza ukashtuka. Mpira uligonga ukingo wa tundu ukarudi.

Muingereza alijiinua taratibu. Hakukasirika, na hilo lilimuumiza Hilwa zaidi. Alimtazama tu, akasema kwa upole, "Refa, tafadhali."

Pigo halirudiwi. Lakini mtu anayevuruga mchezo hutolewa, na anayemtoa ni refa. Hilwa alitembea hadi kwenye kamba iliyotenga watazamaji. Mzee alikuwa bado anakohoa, machozi yakimtoka.

"Baba," alisema, "naomba utoke nje."

Mzee Zahor alimtazama kama hakusikia vizuri. Kisha akatikisa kichwa kukubali, akainuka, akapita akishika migongo ya viti. Dancan alimfungulia mlango, akampa mkono.

Kijana wa Kichina akaingia mezani. Nyuma ya mlango kikohozi kiliendelea, kikapanda, kikapanda tena, halafu kikakatika. Hilwa alingoja kukisikia tena. Muda wote wa mechi alikuwa akiuomba ukimya huu, na sasa ulipokuja ulimtisha. Alirudisha mpira wa bluu mahali pake. Akatupa jicho mlangoni: Dancan hayupo. Mlinzi haruhusiwi kuacha mlango wakati wa mechi.

Angeweza kusimamisha mchezo. Alifikiri hivyo kila mpira ulipoanguka. Lakini aseme nini, na je ikiwa mzee amekwenda chooni tu? Akaendelea kutangaza pointi, na sauti yake ilimjia kama ya mtu mwingine. Mpaka mpira mweusi, ule wa mwisho, unaingia, glavu zake zilikuwa zimelowa jasho.

Kijana alishinda. Muingereza alimpa mkono, akamgeukia Hilwa. "Yule mzee hajambo?"

"Ni baba yangu," Hilwa alisema.

"Basi nenda," Muingereza akamwambia. "Nenda sasa hivi."

Hilwa alimkuta baba yake katika chumba cha huduma ya kwanza, amelala kitandani, kifuniko cha oksijeni usoni. Dancan alikuwa amesimama kando ameshika bakora. Edna, nesi aliyekuwa zamu, alimvuta Hilwa pembeni.

"Amekohoa damu, si nyingi. Ambulensi iko njiani. Mlinzi wenu ndiye alimbeba mpaka hapa."

Mzee alikisogeza kile kifuniko. "Nani kashinda?"

"Yule kijana."

"Nimemponza yule bwana."

Hilwa akavua glavu, akamshika mkono. "Nisamehe kwa kukutoa, baba."

"Ungeniacha mle ndani ningekuonea haya." Akavuta pumzi, ikakwama, akaipata. Halafu akasema jambo ambalo hakuwahi kulitamka nyumbani. "Hilwa, mie naogopa. Saleh naye alianza hivi hivi."

"Najua, baba. Twende ukapigwe hiyo picha, tujue."

Safari hii mzee hakusema wiki ijayo.

Picha ilipigwa hospitali jioni ile ile. Daktari alieleza kwamba ni homa ya mapafu iliyoachwa muda mrefu, nayo ina dawa. Lakini akaweka kidole kwenye doa dogo upande wa kushoto. "Hili nataka kulitazama tena akimaliza matibabu. Huenda si kitu."

Hilwa alilishika lile neno "huenda", akaligeuza kila upande. Waandaaji wa mashindano walimpigia simu kumpangia meza nyingine kesho yake. Mzee, akisikiliza kwa macho yaliyofumbwa, alimwashiria akubali. Hilwa alisema hapana, asanteni, akasogeza kiti karibu na kitanda, akaketi kusikiliza pumzi za baba yake zikiingia na kutoka.