Aliyemwona Baba Bukavu

Wiki iliyopita nilimsindikiza mjukuu wangu hadi mtaa wa Gisozi, kuchukua mlango wake kwa seremala. Randa ilipopita juu ya ubao, harufu ya mbao mbichi ikanijia puani, nami nikajikuta nimerudi Biryogo, mtaa wa utoto wangu, msichana mdogo mkekani katika chuo cha Kurani, ubao wa kuandikia magotini, wino wa masizi vidoleni.

Maalim wetu alikuwa mtu mpole, mwenye kikohozi kisichoisha. Hakupenda tuhifadhi maneno bila kujua yametoka kwa nani. "Fulani kasikia kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka umfikie aliyeona kwa macho yake," alikuwa akisema. "Mnyororo ukikatika, usiape." Sisi watoto tukaufanya mchezo. Mtu mzima akisema mvua itanyesha, tunamuuliza amesikia kwa nani. Jirani mmoja alitufukuza kwa mwiko.

Mimi nilikuwa na habari moja niliyoipenda kuliko zote. Baba alikwenda Kongo kutafuta kazi nikiwa bado nanyonya, na mama akafariki muda si mrefu baadaye. Nikalelewa na Bibi, mama yake baba. Mtaa mzima ulijua kwamba baba yu hai, yuko Bukavu huko Kongo, ana duka la vitambaa na cherehani mbili. Usingizi uliponichukua nilizisikia cherehani hizo zikienda. Basi nikaazimia kuutafuta mnyororo wa habari ya baba, nimpelekee Maalim ukiwa mzima.

Nilianza na shangazi, dada yake baba. Akacheka. "Wee mtoto, unaniuliza kama polisi! Nimesikia kwa shoferi Ramadhani. Huyo halali kwake, analala Bukavu."

Ramadhani alikuwa chini ya lori lake, miguu tu ikionekana. "Kumwona? Hapana, mwanangu, mimi sikumwona. Mama Zena ndiye aliyeniambia. Cherehani nimeongeza mimi. Duka la vitambaa bila cherehani ni duka gani?"

Mama Zena alikuwa akigeuza maandazi, hakuinua hata uso. "Mimi nani aniambie kama si bibi yako mwenyewe? Nenda kamuulize."

Nilikimbia nyumbani kwa furaha, maana nilidhani sasa namwendea aliyeona.

Bibi alikuwa akichagua maharage. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono imesimama juu ya ungo.

"Mimi nilimwambia huenda," akajibu. "Huenda yuko Bukavu, huenda kapata duka. Mama aliyemkosa mwanawe husema mengi. Kisha siku nyingi zikapita, Ramadhani akasimama mlangoni hapa akaniambia, Bibi, mwanao yuko Bukavu. Nikasujudu, mjukuu wangu. Nikasujudu hapo hapo."

Hakulia. Aliendelea kuchagua maharage, akitupa mazima pamoja na mabovu.

Kesho yake Maalim aliuliza mbona nimenyamaza, nikamweleza. Alikohoa kwa muda mrefu. "Hukukosea," akasema. Nyumbani kwetu Bukavu haikutajwa tena, na Bibi hakuishi sana baada ya hapo.

Utotoni niliamini kwamba habari iliyo midomoni mwa wengi ina mashahidi wengi. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba sote mtaani tulikuwa tukila kutoka mdomo mmoja, mdomo wa mama mwenye uchungu, na kwamba hata yeye alirudishiwa maneno yake akayapokea kama habari ya mgeni. Baadaye niliuona mji huu ukipitisha maneno mabaya mno, maneno ya kuua watu, kwa njia hiyo hiyo, kila mtu akiapa kwamba wote wanasema, na waliorudi nyuma kuuliza walikuwa wachache.

Namshukuru Mola kwa umri, kwa watoto, kwa dini. Lakini nilidhani kwamba ukiondoa neno lisilo na shahidi, chini yake utaukuta ukweli umekaa unakungoja. Mimi sikukuta kitu. Miaka mingi nilifungua mikono baada ya sala, nisijue nimwombee baba afya au rehema, nikaomba afya. Kisha asubuhi moja, nikiwa tayari nina wajukuu, niliukadiria umri wake, nikabadili dua. Hiyo ndiyo habari pekee ya kifo chake iliyowahi kunifikia.