Shem Alikopi Sauti ya Mama Yangu na Programu ya Bure

Admin, ficha jina langu. Na kama kuna mtu wa Dundori anasoma hapa na anajijua, basi ajijue. Sitaki matusi kwa comments, matusi niko nayo ya kutosha.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, naishi Nakuru na mume na wasichana wetu wawili. Kwetu ni Elburgon, nimeolewa Dundori. Mamangu alifariki nikiwa na mimba ya huyu mdogo, na kwa desturi yetu yeye ndiye amebeba jina la mama. Hakuwahi kumwona. Sauti ya mama ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani: DVD ya ruracio yangu, siku wakina mume wangu walileta mahari Elburgon. Mama alisimama mbele ya wageni akanibariki, akaongea mpaka wazee wakapiga makofi. Aliyetushutia video alifunga duka akahama, na hakuweka nakala.

Sasa ile DVD ikaanza kukwama. Nikaogopa. Nikaanza kutafuta programu ya kuikopi kwa laptop, na jamani, nilitafuta kama mtu anayetafuta shamba la kununua. Nyingi ni takataka. Moja inafinya picha mpaka nyuso za watu zinakuwa uji. Nyingine inaacha sauti nyuma. Nyingine ukitumia ile ya bure inabandika jina lake katikati ya picha, tena inakopi kipande cha mwanzo tu, ukitaka yote ulipe. Mwishowe nikapata moja inayochukua diski nzima jinsi ilivyo, bila kufinya chochote. Nikaijaribu na DVD ya shule ya watoto, ikatoka safi kabisa. Nikamwambia mume wangu hii ndiyo nanunua.

Mume akacheka. "Ununue programu na ndugu yangu ni mtu wa kompyuta? Wachana na hizo vitu, mpe akufanyie."

Huyo ndugu yake ana cyber, na kila mtu kwao anamwita fundi. Nikamweleza pole pole, hata nikamwonyesha ile nimechagua. Akaniangalia vile watu huangalia mtoto. "Shem, hizo zote ni sawa. Iko ya bure, niachie." Na mimi mjinga nikampa, juu mume alikuwa amesimama hapo.

Akarudisha flash. Nikamwita msichana wangu mdogo, nikamkalisha mbele ya TV, nikamwambia, "Leo utasikia shosho yako." Video ikaanza. Jina la programu limeandikwa kubwa katikati, na mama alipoonyeshwa, lilikuwa limempita usoni. Nikameza hiyo. Mama akasimama, akarekebisha kitambaa cha kichwa, akafungua mdomo. Ikaisha. Kioo cheusi! Mtoto akaniuliza, "Mum, shosho amesema nini?"

Nikampigia shem simu. "Ulicheki hii kitu yote?"

"Nilicheki mwanzo, ilikuwa inacheza poa."

"Nirudishie diski yangu."

"Ile? Si nilimpea mathe na zingine nilikuwa natupa. Ndege wanamaliza minji."

Ngai wangu! Kama hamjui, huku watu hutundika CD kuukuu shambani zing'ae, ndege waogope. Nilifika Dundori nikiwa na viatu vya kazi, nikaingia kwa minji ya mama mkwe, hizi njegere, nikikagua diski moja moja. Nikaipata. Upepo ulikuwa umeisugua kwa waya wa ua, umebandua upande mzima, ukiishika unaona jua upande wa pili. Fundi wa mjini aliigeuza mara moja tu akasema, "Mathe, hapa hakuna kitu ya kusomwa."

Mama mkwe alilia na mimi. Maskini, yeye aliambiwa ni takataka. Lakini huyo shem alisimama hapo mikono mfukoni akasema, "Pole basi, lakini si ni DVD tu? Nani ako na DVD siku hizi?" Nikamwambia yote yaliyokuwa moyoni, na sijutii hata neno moja. Mume wangu badala ya kunitetea ananiambia nimemwaibisha kwao, na mpaka niombe ndugu yake msamaha hatuongei. Sawa, tusiongee.

Sasa sikilizeni hii. Baba mkwe naye alishafariki. Iko DVD moja anabariki watoto wake, na mama mkwe alikuwa ameniletea kitambo nimtolee nakala, juu aliniona nikihangaika na hizi programu. Iko kwa kabati langu. Huyu shem anapeleka ruracio karibuni na anataka maneno ya babake yachezwe mbele ya wageni. Jana amenitumia ujumbe, hata salamu hakuna: "Shem, ile ya baba tumia ile programu yako nzuri. Tusiweke hii ya bure, inaweza haribu."

Inaweza haribu! Kwa hivyo alikuwa anajua.

Programu nimeshainunua. Laptop iko mbele yangu, na diski ya baba mkwe iko hapa mkononi. Mama mkwe hajanikosea, na najua vile angependa kumsikia mzee wake. Lakini kila nikitaka kuiingiza naona waya wa ule ua. Msichana wangu bado ananiuliza shosho alisema nini, nami nakumbuka tu alitaja mlango wetu kubaki wazi, watu wakacheka. Maneno yenyewe yamenipotea.

Nishaurini, ndugu zangu. Nimkopie babake vizuri, ama na hii diski niitafutie kamba ikafukuze ndege kwa minji? Semeni chochote, lakini asitokee mtu wa kuniambia ni DVD tu.