Nililiosha Gari la Mwenye Nyumba Wangu Kama Sufuria

Mimi ndiye niliyelikwaruza gari la Mzee Wambura. Si mbuzi, si miiba ya njiani, si watoto wa jirani. Ni mimi, kwa mikono yangu hii miwili, mchana kweupe, tena nikiimba. Jina langu mniachie, lakini kosa lichukueni lote, labda litamfaa mtu.

Shule niliiacha darasa la tano. Sikuwa mjinga. Nilipenda kujua kila kitu isipokuwa kile kilichoandikwa ubaoni. Nikiona redio lazima niitikise nisikie kilichomo. Nikiona baiskeli ya mtu imeegeshwa, mkono unaniwasha mpaka nifungue kitu.

Asubuhi moja nilitoka kwetu Suguti na jembe begani, nakwenda shamba la kijiji. Njiani nikakuta lori limesimama, dereva anaongeza maji kwenye rejeta. Nikamuuliza anakwenda wapi, akasema Musoma. Sikuwa na safari wala shauri. Nililaza jembe kwenye majani, nikapanda nyuma. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na shati moja. Jembe lile mpaka leo sijui aliliokota nani.

Nilishinda mjini nikizunguka maduka ya mtaa wa Iringo, nikimwangalia fundi saa mpaka akaanza kuniangalia yeye. Alasiri miguu ikanifikisha mtaa wa Kigera. Hapo nikaliona: gari la Pijo, la zamani, jeusi, limeegeshwa kwenye kivuli cha nyumba. Nikasimama kama niliyepigiliwa misumari. Mwenye nyumba akatoka, mzee mrefu mwenye kofia ya udereva na kikopo cha ugoro mkononi.

"Unatafuta nini?"

"Naangalia tu, mzee."

"Kuangalia si kazi. Balozi wa nyumba kumi akikuuliza unafanya nini hapa Kigera, utamwambia unaangalia?"

Nikasema ndiyo, nitamwambia naangalia. Kumbe jibu lile ndilo lililonipa chumba! Mzee Wambura alikuwa dereva wa malori ya pamba kwa miaka mingi, sasa amestaafu, na gari lile alilinunua kwa mzungu aliyekuwa anafunga virago baada ya Uhuru. Akasema uani kuna chumba wanachowekea mahindi, nitalala humo pamoja na mahindi. Kazi yangu ni kuchota maji ziwani na kulilinda gari. Akaniambia, kwa kuwa napenda kuangalia, basi niangalie vizuri.

Siku zile nyumba nzima ilikuwa inasubiri harusi. Nyangeta, kitinda mimba wake, alikuwa anaolewa Butiama. Hadithi yake ilijulikana Kigera nzima. Alipokuwa mdogo alimwona binamu yake akipelekwa kwa mume juu ya marobota ya pamba, amefika nywele zimejaa nyuzi kama bibi kizee. Akalia siku mbili. Mzee akamwahidi kwamba yeye ataondoka ndani ya gari la baba yake, na wakwe watajitazama sura kwenye mlango wake.

Ahadi ile ilikuwa imefika Butiama kabla ya gari. Huko walikwisha kuanza maneno kwamba Mzee Wambura ana gari la mdomoni.

Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi, mzee aliondoka kwenda Bunda kuwaalika ndugu na kuomba pamba safi kwa rafiki zake wa kiwandani, pamba iliyokwisha kuchambuliwa, isiyo na mbegu hata moja. Alisema ndiyo ya kulioshea gari. Akanishika bega.

"Usiliguse mpaka nirudi kesho. Nitakuonyesha linavyooshwa. Na harusi ikiisha, nitakufundisha usukani."

Usukani! Usiku ule nililala na mahindi yangu, mguu unakanyaga klachi hewani.

Ijumaa asubuhi nikalitazama gari, limejaa vumbi. Nikafikiri: mzee atarudi amechoka. Kwa nini asilikute tayari? Kuosha ni kuosha. Mimi ni mtu wa ziwani. Mama yangu alikuwa anasifiwa ufukweni kote kwa sufuria zake. Alizisugua kwa mchanga wa ziwa na majivu kidogo mpaka zikakuumiza macho. Nami nilimsaidia tangu nikiwa mdogo. Sufuria ni chuma, gari ni chuma. Nani atanifundisha chuma?

Ole wangu! Nilikwenda ziwani nikajaza debe la mchanga ule mweupe, mlaini. Nikachota majivu jikoni. Nikachukua dodoki la kuogea. Nikalitoa gari kivulini, tukalisukuma mimi na jirani, nikaliweka kwenye jua kali ili likauke upesi. Maji ya kutangulia sikumwaga hata kikombe. Nikaanza na milango, nikafuata boneti, kisha mabawa juu ya magurudumu. Nilisugua kwa kuzungusha, vile mama alivyosugua matako ya sufuria. Nikafika nyuma, mchanga ukaniishia, kifuniko cha buti nikakimwagia maji tu nikakiacha.

Na mnajua nini? Liling'aa! Likiwa limelowa liling'aa kama jicho la samaki. Nikarudi nyuma hatua tano, nikajisifu kwa sauti.

Halafu likakauka.

Umewahi kuona miguu ya mtoto aliyecheza vumbini, ikakosa mafuta? Ndivyo lilivyokuwa. Weupeweupe wa mikwaruzo, duara juu ya duara, kutoka taa hadi mlango wa nyuma. Nikamwagia maji, likang'aa. Likakauka, likapauka. Nilifanya hivyo mara nne, kama vile mara ya nne lingenihurumia.

Sasa mtoto mwenye miguu ya namna ile anafanywaje? Anapakwa mafuta. Jikoni kulikuwa na kibuyu cha samli. Nilijua ya nini: samli ya kumpaka Nyangeta asubuhi ya harusi, imesafishwa wiki nzima na mama yake. Nilijua kabisa. Nikachukua yote.

Gari lilikunywa samli ile likawa jeusi kama usiku. Nikalirudisha kivulini, kibuyu nikakirudisha mahali pake na kizibo chake.

Mzee alirudi jua linazama. Akalizunguka gari polepole, mikono nyuma. Pua yake ilikwisha kufa kwa ugoro, hakunusa kitu. Akaniuliza nimetumia nini. Nikamwambia nimetumia jasho. Akanipa mkono, mikono yake yote miwili ikaushika wangu mmoja, macho yamelowa. Pamba yake akaitia kwenye buti, akasema tutaitumia siku nyingine. Wasomaji, mkono ule ndio unaoniuma zaidi ya yote.

Jumamosi asubuhi ukazuka ugomvi jikoni. Kibuyu kitupu! Sasa Shangazi Nyabwire, dada yake mzee, alikuwa amewasili tangu Alhamisi, na ukoo mzima ulijua anavyopenda samli. Mama Nyangeta hakumtaja. Alimtazama tu, na mtazamo ule ulitosha. Shangazi akasema maisha yake amelaga samli mbele za watu, hajawahi kuila gizani. Nami nilikuwa mlangoni, nafunga jogoo wa zawadi miguu, nakaza fundo lililokwisha kukazwa.

Jamani, shangazi si mtu wa kuchezewa siku ya harusi! Yeye ndiye mwenye mdomo wa kumkabidhi mwali kwa wakwe. Akapanda gari kwa sababu ya Nyangeta, lakini akatangaza kwamba atakabidhi mtu siku mwizi wa samli atakapojitaja.

Tukaondoka watu watano na jogoo, nguo zote zimefukizwa udi mpaka hakuna aliyenusa samli. Ile barabara ya Butiama ilikuwa ya vumbi jekundu tupu, na lori la waalikwa lilitutangulia. Gari lililopakwa samli, nyuma ya lori, kiangazi! Kila vumbi lililopita lilikaa. Kufika nusu ya njia mzee akawa anaona kwa tundu dogo kwenye kioo. Anashangaa peke yake, anasema hajawahi kuona vumbi la namna hii. Mimi namwangalia jogoo.

Tulipoingia uani kwa wakwe, vigelegele vilianza, vikapungua, vikafa. Lilikuwa kichuguu chenye magurudumu. Kijana mmoja wa upande wao akauliza, "Hili gari mmeliendesha au mmelichimbua?" Kicheko kikapasuka. Mzee Wambura akashuka, akavua kofia, akaishika kifuani. Sijawahi kuona mtu mrefu akawa mfupi upesi vile.

Nyangeta akabaki ndani, maana mwali hashuki kabla ya kukabidhiwa. Shangazi akashuka, akasimama kando, mdomo umefungwa.

Ndipo mbwa akaja. Mbwa mwekundu, mwembamba. Akanusa mlango, akatikisa mkia, akaanza kulamba. Akaja wa pili. Walilamba kwa adabu, kila mmoja na upande wake, na walipolamba mikwaruzo yangu ikatokea, duara moja baada ya jingine. Shangazi akasogea. Akapitisha kidole kwenye mlango, akakitia mdomoni, akafumba macho.

"Hii ni samli ya wifi yangu," akasema. "Haijaungua hata kidogo."

Watu wote wakanitazama. Sijui walijuaje. Labda kwa sababu nilikuwa nimejificha nyuma ya jogoo.

Mzee akauliza swali lake lile lile, kwa upole: "Umetumia nini?"

"Mchanga, mzee. Wa ziwani."

"Mchanga."

"Na majivu. Halafu samli."

"Majivu pia," akasema, akatikisa kichwa kama daktari.

Shangazi akaniuliza kama ni yeye aliyekula samli. Nikasema si yeye. Akaniambia niseme kwa sauti, wa kule nyuma hawajasikia. Nikapaza sauti uwanja mzima kwamba Shangazi Nyabwire hakula samli, ililiwa na gari. Hapo hata wazee walicheka wakashika mbavu, na Mama Nyangeta akaenda kumkumbatia wifi yake.

Mzee hakucheka. Akafungua buti, akatoa pamba ya Bunda. Akaagiza maji ya kutosha, ndoo mbili tupu na kipande cha sabuni ya kuogea. Akasema mwali hatashuka kwenye kichuguu, na mimi nitalifanya lile aliloniomba nisubiri kulifanya.

Basi nilijifunza kuosha gari mbele ya harusi nzima. Kwanza likaondolewa juani, vijana wakalisukuma mpaka kwenye kivuli cha ghala. Kisha maji matupu, mengi, kuanzia juu ya paa kushuka chini, vumbi liondoke lenyewe bila kuguswa. Mzee alisema vumbi ndilo mchanga wenyewe, ukilisugua likiwa kavu umekwisha. Ndipo povu la sabuni kwenye maji vuguvugu, mara mbili, ili samli iachie. Pamba napitisha kwa kunyoosha, sizungushi. Kila nikipitisha nasuuza kwenye ndoo ya pili, ndipo narudi kwenye ndoo ya povu. Pamba ikianguka chini, hiyo imekufa, nachukua nyingine. Magurudumu mwisho, kwa kitambaa chake peke yake. Halafu nikakausha kwa fulana kuukuu, laini, kabla maji hayajajikausha yenyewe.

Nyangeta akashusha kioo kidogo. "Kaka, hapa pembeni hujafika," akasema, akakipandisha.

Lilitakata. Lakini milango ilikuwa milango ya aibu, hakuna mkwe angejitazama pale. Mzee akalizunguka, akafika nyuma, akasimama. Kifuniko cha buti! Kile kilichokosa mchanga. Kilikuwa cheusi, kimetulia kama kisima. Akamwita mama mkwe kwa heshima zote. Mama mkwe akainama, akajiona, akarekebisha kilemba. Akaja baba mkwe, wakaja wifi na shemeji, wakapanga mstari nyuma ya gari. Shangazi ndipo akafungua mdomo, akamkabidhi mwali kwa maneno matamu ambayo nasikia wanayarudia mpaka leo. Nyangeta alishuka akilia na kucheka.

Jioni nikamwendea mzee. Sikuuliza kuhusu usukani, lakini alijua nimekuja kwa sababu gani.

"Siku moja tu nilikuomba usubiri," akasema. "Mimi nilikuwaga barabarani miaka yote ile. Gari linataka mtu wa kusubiri. Kula, ushibe, halafu nenda salama."

Akanipa pamba iliyobaki. Usukani sikuushika siku ile, na sijaushika mpaka leo ninapoandika.

Asubuhi yake nikaanza kutembea, lori likanichukua, likanishusha Bunda. Mama mmoja muuza uji akakubali nilale kwenye banda lake, ila nioshe vyombo. Akaniletea sufuria tatu zilizoungua. Mkono ukaenda wenyewe kutafuta mchanga, ukasimama hewani.

"Mama," nikamuuliza, "hizi hapa kwenu huoshwaga na nini?"

Akanishangaa. "Mchanga, mwanangu. Kwani kwenu mnaosha na nini?"

Nilicheka peke yangu mpaka akataka kunifukuza kabla sijalala.

Nasikia watoto wa Kigera wakiliona gari lile likipita wanaliita Samli. Ndugu unayesoma, kama mwenye gari amekuambia umsubiri, keti. Hesabu mahindi, imba, lala. Mchanga waachie akina mama na sufuria zao, na samli iache kwenye kibuyu, maana mbwa hawana siri!